Kabla Hujashika Bisibisi: Kwa Anayeanza Kurekebisha Gitaa Lake

Kila mgeni wa magitaa ya umeme huja na swali lilelile: ninunue pikapu gani, yaani kile kifaa chenye sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi? Nami humrudishia langu: nyuzi zilizo kwenye gitaa lako zina umri gani? Wengi hawajui. Wengine husema ndizo lilizotoka nazo dukani. Mazungumzo ya pikapu huishia hapo kwa siku hiyo, maana hakuna sumaku inayoweza kuufufua uzi ulioshika kutu na jasho la miezi.

Usinielewe vibaya, sipingi marekebisho. Napenda kuona magitaa yaliyofunguliwa, yenye waya mpya, vitufe visivyofanana na rangi iliyochunwa, na napenda zaidi kuwasikia wenyewe wakieleza kwa nini walifanya walichofanya. Hiyo "kwa nini" ndiyo ninayoitafuta kwa mgeni. Kabla hujanunua chochote, na kabla hujalegeza skrubu hata moja, chukua karatasi uandike kwa sentensi moja kinachokukera. "Uzi wa tatu hautulii kwenye tyuni nikishauvuta." "Kitufe cha volyumu kinakwaruza." "Noti za juu ya freti ya 15 zinakufa upesi." (Freti ni vile vyuma vilivyolazwa kwenye shingo.) Lalamiko la namna hiyo lina chanzo, na chanzo kinatafutika. Ukiandika "nataka sauti nzuri zaidi," hujaandika kitu. Hamu hiyo haishi, na wauza vifaa wanaijua vizuri kuliko wewe.

Yaangalie magitaa ya watu mashuhuri yaliyofanyiwa kazi. Eddie Van Halen alitaka sauti nene isiyonguruma kutoka kwenye gitaa lenye umbo la Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, na daraja la kutikisa. Alichukua pikapu ya Gibson ES-335 akaipachika kwenye bodi (kiwiliwili cha gitaa) aliyoiunganisha mwenyewe. Pikapu zilipopiga mluzi kwenye sauti kubwa, alizizamisha kwenye nta iliyoyeyushwa ili waya wa ndani usitikisike. Brian May na baba yake walianza kujenga gitaa mwaka 1963 kwa sababu magitaa ya kununua yalikuwa ghali mno kwao. Mbao ya shingo ilitoka kwenye fremu ya meko ya zamani, springi za daraja zilikuwa za vali za pikipiki. Nao wapigaji wa Stratocaster za mwanzo, gitaa lililotoka mwaka 1954 likiwa na swichi ya nafasi 3, waligundua kwamba swichi ikisimama katikati ya nafasi mbili, pikapu 2 husikika pamoja kwa sauti ambayo haikukusudiwa. Wakawa wanaisimamisha pale kwa makusudi. Kiwanda kilikuja kuweka swichi ya nafasi 5 mwaka 1977. Kote huko kero ilitangulia, kifaa kikafuata.

Utaambiwa pia kwamba gitaa likiguswa linapoteza thamani. Kwa gitaa la kale lenye kila kitu chake cha asili, ni kweli na uliache lilivyo. Lakini Stratocaster nyeusi ya David Gilmour ilibadilishwa shingo, pikapu na hata daraja kwa miaka mingi, na mwaka 2019 iliuzwa mnadani kwa dola 3,975,000. Ile ya Eric Clapton iliyoitwa Blackie, iliyounganishwa kwa vipande vya magitaa kadhaa, ilifikia dola 959,500 mwaka 2004. Bei hizo zilikuwa za mikono iliyoyapiga. Mimi na wewe hatumo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo tusiitumie kama kisingizio cha kuchimba bodi wala cha kuogopa kuigusa.

Sasa kazi yenyewe. Malalamiko mengi ya wanaoanza huisha bila kununua kitu zaidi ya seti ya nyuzi, ila kuna utaratibu, na utaratibu huo una sababu: kila hatua huvuruga ile inayofuata. Ukianza na ya mwisho utairudia.

Anza na nyuzi. Chagua unene utakaokaa nao. Seti inayoanzia inchi 0.009 hadi 0.042 ni laini kwa vidole; ile ya 0.010 hadi 0.046 ina ukinzani zaidi na wengi huitumia. Tofauti inaonekana ndogo kwa macho, lakini seti ya 0.010 ikiwa imekazwa kwenye tyuni ya kawaida huivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 40, na gitaa kavu (lisilo la umeme) lenye seti ya 0.012 hubeba zaidi ya kilo 70. Ukibadilisha unene umebadilisha mzigo wa shingo. Kama daraja lako huelea juu ya springi, ujue pia kwamba springi zile zilikuwa zimelingana na nyuzi za zamani, na daraja litainuka au kulala. Hapa niseme jambo moja kwa ukali kidogo: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki lililojengwa kwa nyuzi za nailoni. Mzigo unakaribia kuwa mara mbili, mengi ya magitaa hayo hayana hata fimbo ya chuma ndani ya shingo, na daraja linaweza kung'oka pamoja na kipande cha ubao.

Fimbo hiyo ndiyo hatua ya pili. Shingo haitakiwi kunyooka kabisa. Uzi unapotetemeka, katikati yake ndipo hupanuka zaidi, kwa hiyo shingo inahitaji mpindo mdogo sana wa kuupisha. Weka kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza, kandamiza uzi wa sita pale shingo inapokutana na bodi, kisha tazama nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Milimita 0.25 au karibu na hapo inatosha. Ikizidi, kaza fimbo kwa kuizungusha kulia. Uzi ukiwa umelala juu ya freti, legeza. Robo ya mzunguko kwa mara moja, si zaidi, kisha tyuni upya, upime tena. Hakikisha ufunguo unaingia barabara, maana magitaa mengine hutumia vipimo vya inchi na mengine vya milimita, na ufunguo unaocheza hula kichwa cha fimbo. Ukikutana na ukinzani mkubwa, simama umpelekee fundi. Fimbo ikikatika, kuitoa ndani ya shingo ni kazi ndefu na ya gharama.

Kisha kimo cha nyuzi. Pima kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Kwa gitaa la umeme, milimita 1.6 upande wa nyuzi nyembamba na 2 upande wa nyuzi nene ni mahali pazuri pa kuanzia. Gitaa kavu huongezewa karibu nusu milimita. Namba hizi usizichukue kama amri. Anayepiga rithimu kwa mkono mzito anahitaji nafasi zaidi. Mpiga solo mwenye mkono mwepesi anaweza kushuka chini yake. Wageni hujitesa sana kwa mlio mdogo wa uzi kugonga freti. Chomeka kebo, fungua amplifaya, usikilize. Kama mlio hausikiki kwenye spika na noti haifi, mimi huuacha.

Kwenye gitaa kavu kimo hupunguzwa kwa kusaga kikalio, ile fimbo nyeupe ya mfupa au plastiki iliyoko kwenye daraja. Isage kwa chini, juu ya msasa uliolazwa mahali tambarare, wala usiiguse juu. Kumbuka hesabu: kushusha uzi kwa milimita 1 kwenye freti ya 12 unahitaji kuondoa milimita 2 kwenye kikalio, kwa kuwa freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi. Nunua kikalio cha pili usage hicho, kile cha asili ukitunze.

Upande wa pili wa shingo kuna kizingiti, kipande chenye mifereji kinachopokea nyuzi kabla hazijafika kwenye vigingi. Hiki ndicho kinacholaumiwa kidogo kuliko vyote na ndicho chenye makosa mengi. Mtu anasema gitaa halikai kwenye tyuni, ananunua vigingi vipya vinavyometa, anavifunga, na gitaa linaendelea vilevile. Tyuni uzi wa tatu polepole ukisikiliza. Ukisikia kimlio cha "ting" halafu sauti inaruka, uzi umekwama kwenye mfereji na umejinasua ghafla. Chora ndani ya mfereji kwa penseli ya kawaida. Unga wake mweusi ni kilainishi kizuri. Uzi ukiendelea kukwama, mfereji ni mwembamba kwa uzi ulioweka na unahitaji tupa ya ukubwa wake, kazi ambayo mara ya kwanza ni afadhali uitazame ikifanywa na mtu mwingine. Angalia pia jinsi ulivyofunga nyuzi: mizunguko 2 au 3 kwenye kigingi, ikishuka chini bila kupandana. Kisha vuta kila uzi kwa mkono mara kadhaa, utyuni, uvute tena hadi usishuke. Nyuzi mpya ambazo hazijavutwa zitakusumbua siku nzima hata kwenye gitaa bora kabisa.

Intonesheni, yaani usahihi wa noti unapopanda shingoni, huja baada ya hayo yote. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, uangalie tyuna; kisha ukandamize kwenye freti hiyohiyo upige tena. Noti ya kukandamiza ikiwa juu, rudisha kikalio cha uzi huo nyuma, mbali na shingo, ili uzi urefuke. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Ndiyo maana vikalio vya gitaa la umeme havikai kwenye mstari mmoja: kukandamiza huunyoosha uzi na kuupandisha sauti, na kila unene hupanda kwa kiasi chake. Urefu wa nyuzi wenyewe hutofautiana kati ya magitaa, milimita 648 kwa zile za Fender na karibu 628 kwa nyingi za Gibson, jambo linaloeleza kwa nini seti ileile huhisi laini zaidi kwenye Les Paul ya Gibson. Usifanye kazi hii na nyuzi zilizochoka, utakuwa unalipima kosa la uzi. Na usitafute ukamilifu. Freti zote zimepangwa kwa mgawanyo wa noti 12 zilizo sawa, mgawanyo ambao wenyewe ni maafikiano, kwa hiyo kodi moja ikilia safi nyingine itakwaruza sikio kidogo.

Marekebisho ya mwisho katika fungu hili ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, kwa sababu hayana gharama na matokeo yake yanasikika na kila mtu: kimo cha pikapu. Bisibisi moja tu. Wageni huziinua hadi karibu ziguse nyuzi kwa kudhani ukaribu ni nguvu. Ni nguvu, ndiyo, lakini sumaku nazo huuvuta uzi. Kwenye pikapu za koili moja (koili ni waya uliozungushwa kwenye sumaku), zikikaribia mno, nyuzi nene hutoa noti yenye mawimbi, kama vile kuna noti mbili zinazogombana, na intonesheni haikubali kurekebishika hata ufanye nini. Kandamiza uzi kwenye freti ya mwisho, anzia na nafasi ya milimita 2 hivi, kisha shusha au inua kidogokidogo. Pikapu ya shingoni iwe chini zaidi ya ile ya darajani, maana pale uzi hutikisika kwa upana zaidi. Watu wengi waliokuja kwangu na lalamiko la sauti ya matope waliondoka na pikapu zao zilezile zikiwa zimeshushwa.

Kama umefanya hayo na lalamiko bado lipo, fungua bodi.

Piga picha kwanza. Picha kutoka juu, picha kutoka pembeni, picha ya kila kiungo cha waya kwa karibu. Halafu chora mwenyewe kwenye karatasi, kwa sababu picha haikulazimishi kuelewa na mchoro unakulazimisha. Utakuta vitu vichache kuliko ulivyotarajia: pikapu, potensiomita za volyumu na toni (vile vifaa vinavyozungushwa na vitufe), kapasita inayochuja sauti za juu, swichi, na jeki ya kuchomekea kebo. Kukwaruza kwa vitufe mara nyingi ni vumbi; dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme ikipuliziwa ndani ya potensiomita, na kitufe kikazungushwa huku na huku, huondoa tatizo. Sauti inayokatika unapogusa kebo ni jeki, na jeki hulegea kwa sababu nati yake ya nje hukazwa bila kuishika jeki kwa ndani, hivyo waya hujisokota hadi kukatika.

Thamani ya potensiomita hubadilisha sauti kuliko wengi wanavyodhani. Kilo-omu 250 ndiyo desturi kwa pikapu za koili moja, 500 kwa zile za koili mbili; namba ikipanda, sauti za juu hupita zaidi. Kwa hiyo anayelalamika kwamba pikapu mpya ya koili mbili ni nzito na haing'ai, aangalie kwanza kama haikufungwa kwenye 250. Kapasita ya toni kwa kawaida ni mikrofaradi 0.022 au 0.047, na kazi yake inasikika unaposhusha toni. Ikiwa umeifungua yote tofauti ni ndogo sana. Mabishano kuhusu kapasita za kale za karatasi na mafuta nimeyasikia ya kutosha. Zenye thamani moja zitafanya kazi moja. Kuna marekebisho mengine madogo ninayoyapendekeza kwa anayelalamika kwamba akishusha volyumu sauti inafifia kana kwamba ameiziba: kapasita ya mikrofaradi 0.001 pamoja na rezista ya kilo-omu 150 sambamba nayo, kati ya mguu wa kuingilia na wa kutokea wa potensiomita ya volyumu. Inafungwa haraka na inaondolewa haraka.

Kuhusu mngurumo. Pikapu ya koili moja hunasa mngurumo wa umeme wa nyumbani, hezi 50 au 60 kulingana na nchi uliyopo. Seth Lover alipobuni pikapu ya koili mbili pale Gibson mwaka 1955, alizisuka koili hizo kinyume na kuzipa sumaku kinyume, ili mngurumo ujifute na sauti ya nyuzi ibaki. Les Paul zikaanza kuzitumia mwaka 1957. Ukitaka kubaki na koili moja, funika shimo la vifaa kwa karatasi ya shaba yenye gundi inayopitisha umeme, uiunganishe na ardhi ya gitaa, ule upande wa waya unaorudisha umeme. Itapunguza kelele ya taa na vifaa vya karibu, ingawa mngurumo wenyewe hautaisha. Hakikisha mguu wa jeki unaobeba sauti haugusi shaba hiyo ukichomeka kebo, la sivyo utafunga kila kitu vizuri na gitaa litakaa kimya. Na kama mngurumo hupungua unapogusa nyuzi, usiogope. Ndivyo gitaa lenye ardhi iliyofungwa sawasawa linavyofanya.

Kuchomelea risasi hujifunzwa kwa vipande vya waya na potensiomita mbovu, kabla ya kugusa gitaa. Pasi ya kuchomelea ya wati 40 hivi, risasi yenye dawa ya utomvu ndani yake, kamwe si ile dawa ya tindikali ya mafundi bomba kwa sababu itaila shaba. Kwaruza mgongo wa potensiomita kwa msasa, upashe moto chuma chenyewe kisha uguse kwa risasi, iyeyuke na kutanda yenyewe. Kiungo kilichokaa kama tone juu ya chuma hakijashika. Vaa miwani, fungua dirisha, nawa mikono. Na uziangalie koili: waya wake una kipenyo cha milimita 0.06 hivi, umezungushwa maelfu ya mara, na bisibisi ikiteleza hapo mara moja pikapu imekufa. Ukiwa na mita ya umeme pima kabla na baada. Koili moja ya Stratocaster husoma karibu kilo-omu 6, koili mbili za mtindo wa kale kati ya 7 na 8. Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Ila usinunue pikapu kwa kusoma namba hizo; waya mwembamba zaidi nao huongeza omu bila kuongeza nguvu, na aina ya sumaku haionekani kwenye mita.

Pikapu mpya zenyewe? Zina nafasi yake. Ukishajua kwamba unataka sauti za katikati zaidi, au mngurumo upungue, au sauti nyembamba kwenye nafasi ya darajani, nunua. Hayo ndiyo yote niliyonayo kuhusu pikapu.

Nje ya gitaa kuna mambo ambayo wageni huyaruka kwa sababu hayapendezi kwenye picha. Kebo, kwa mfano. Pikapu za kawaida zisizo na betri huathiriwa na kebo ndefu. Kila mita huongeza kapasitansi, kwa kawaida pikofaradi 100 hivi, na sauti za juu huanza kuzama. Mtu anayelalamika kwamba gitaa limefifia tangu aanze kupiga jukwaani huenda ametoka kwenye kebo ya mita 3 kwenda ya mita 10, pamoja na vipande vidogo kati ya pedali, vile visanduku vya kubadilisha sauti vinavyokanyagwa kwa mguu. Pedali moja yenye bafa (saketi inayoisaidia sauti kupita kwenye kebo ndefu) mwanzoni mwa mstari humaliza jambo hilo, isipokuwa ukiwa na fazi, pedali za kukwaruza sauti, za mtindo wa Fuzz Face ya mwaka 1966, ambazo hutaka kuligusa gitaa moja kwa moja, bila bafa mbele yake.

Umeme wa pedali uusome, usibahatishe. Nyingi hutaka volti 9 zenye hasi katikati ya plagi, lakini si zote, na plagi huingia hata kama umeme ni wa kinyume. Soma pia miliampia: ovadraivu ya analogi hutosheka na chini ya 20, ya kidijiti inaweza kutaka 100 hadi 300. Kisanduku cha umeme kikitoa volti sahihi na miliampia nyingi kuliko zinazohitajika hakuna madhara; volti zikizidi ndipo moshi huanza. Mpangilio wa tyuna, wau-wau, ovadraivu, koras, dilei na riverbu kwa mfuatano huo ni mahali pa kuanzia, baada ya hapo geuza upendavyo, hakuna atakayekukamata.

Kwenye amplifaya, spika ndiyo inayobadilisha sauti kuliko chochote ulichofunga kwenye gitaa. Ukiibadilisha, linganisha omu na ile iliyokuwapo, na uwezo wake wa wati usiwe chini ya wa amplifaya. Usidanganyike na wati: kuzifanya mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lisikie sauti kama imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati mara 10 hivi. Kwa hiyo amplifaya ya wati 50 na ya wati 100 hazitofautiani kwa sauti kama karatasi zinavyoahidi. Amplifaya ya taa (valvu za kioo) usiiwashe bila spika kuchomekwa, itaunguza transfoma. Na usiifungue. Kapasita zake hushikilia mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani, na volti hizo huua. Katika mambo yote niliyoyataja hapa, hili pekee silifanyi mzaha wala silijadili na mtu aliyeanza jana.

Ukifika wakati wa kuwaonyesha wenzako ulichofanya, waonyeshe chote. Mficha uchi hazai. Mtu huorodhesha gitaa, pikapu na pedali za fahari, halafu anaficha kwamba amplifaya ni ya mazoezi na kebo ni ya bure, na anashangaa ushauri anaopewa haumsaidii. Taja nyuzi na unene wake, kimo cha freti ya 12, unachopiga na mahali unapopigia. Ukirekodi kabla na baada, tumia kipande kilekile cha muziki, vitufe vilevile, na usawazishe ukubwa wa sauti. Hili la mwisho watu hulipuuza, ilhali tofauti ya desibeli 1 tu hulifanya sikio lisadiki kwamba iliyo kubwa ni bora. Marekebisho mengi yanayosifiwa sana ni volyumu iliyopanda. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukiweka nyuzi mpya, pikapu mpya na spika mpya Jumamosi moja, hutajua cha kushukuru.

Utakutana pia na vita vya mbao. Mmoja atakuapia kwamba mahogani ndiyo inayotoa uzito, mwingine kwamba gitaa la umeme ni pikapu na nyuzi tu. Wasikilize, ukitaka, lakini kumbuka mbao ya bodi huwezi kuibadilisha kesho asubuhi, na kimo cha pikapu unaweza. Mbao ninayojali ni ya ubao wa freti, kwa sababu ya matunzo: mpingo, ebone na rozudi visivyopakwa vanishi hukauka na kupasuka, vinataka mafuta kidogo mara chache kwa mwaka. Meipo iliyopakwa vanishi haitaki mafuta yoyote. Gitaa kavu lote linapenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Likikauka zaidi, ncha za freti huanza kuchoma kiganja.

Yasiyorudi nyuma yaweke mwisho kabisa: kutoboa, kupanua shimo la pikapu, kuchuna rangi, kukata kichwa, kusaga freti. Kabla ya kutoboa, uliza kama kuna kifaa cha badala chenye matundu yaleyale. Mara nyingi kipo. Ukilazimika, toboa tundu dogo la kuongoza skrubu na uipake skrubu nta au sabuni, isije ikakatikia ndani ya mbao. Freti zilizolika ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kupimia, na muulize ana uzoefu wa magitaa gani kabla ya kumwachia.

Kila kilichotoka kwenye gitaa kiingie kwenye mfuko mmoja: pikapu za zamani, vigingi, skrubu, springi, hata kikalio kilichochakaa. Juu ya mfuko andika jina la gitaa na ulichofunga badala yake, na ndani yake tia ule mchoro wa waya. Siku ukiuza, mnunuzi atauuliza. Usipouza, utauhitaji mwenyewe siku utakapogundua kwamba pikapu za mwanzo hazikuwa na kosa.